Ufa Usioonekana

Wahenga walipousia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walichukulia kuwa ufa huonekana. Nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, hazifichi maradhi yake: lipu huvimba, chokaa humomonyoka, boriti hulia usiku. Mwenye nyumba aliyezoea kuipaka chokaa aliipapasa kama mganga ampapasavyo mgonjwa.

Zege lina tabia nyingine. Ndani yake mna nondo zinazolindwa na utando mwembamba utokanao na saruji yenyewe. Katika kisiwa kama Unguja, chumvi ya bahari na unyevu hupenya polepole hadi kwenye chuma. Utando ukavunjika, kutu ikaanza. Nayo kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulisukuma zege mpaka likapasuka. Ufa unapoonekana, maradhi yamekwisha kukomaa.

Wahandisi wamebuni njia ya kuyatambua mapema. Vihisi huzikwa ndani ya zege, mkondo mdogo wa umeme hupitishwa, na ukinzani hupimwa. Zege kavu huuzuia umeme. Lililolowa na kuingiwa na chumvi huupitisha kwa wepesi. Ukinzani ukizidi omu-mita 1,000, hatari ya kutu huhesabiwa ndogo mno. Ukishuka chini ya 100, huhesabiwa kubwa. Namba hiyo haithibitishi kwamba chuma kimeliwa. Inaeleza tu kwamba adui amefunguliwa mlango.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili. Asiyejua huweza kusamehewa; je, ajuaye? Kihisi humwondolea mwenye jengo udhuru wa kutojua, na elimu ikageuka deni. Lakini deni halijilipi lenyewe.

Beit al-Ajaib ni shahidi. Jumba hilo la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, linalosifiwa kuwa la mwanzo kuwashwa taa za umeme Zanzibar, liliporomoka pembe moja mwaka 2012. Dalili ile haikuhitaji chombo. Kila mpita njia wa Forodhani aliiona. Miaka 8 baadaye, tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya jumba ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Baina ya kuijua dalili na kuiwahi kuna masafa ya fedha, ujuzi, idhini na nia, na masafa hayo hayapimwi kwa omu-mita.

Basi namba ni ya nani? Katika majumba ya zege, kama yale ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, anayelala chini ya dari siye anayeshika daftari la vipimo. Huenda ikadaiwa kwamba kumwambia ni kumtia hofu bure, ilhali hana pa kuhamia. Hoja hiyo ina huruma, lakini haina haki. Mwenye hofu na habari huweza kudai, kuuliza, hata kuhamisha kitanda cha mtoto. Aliyefichwa habari amekwisha kuamuliwa na wengine.

Jengo ni amana, na habari za afya yake ni sehemu ya amana hiyo. Anayeamua kuzika kihisi ndani ya zege amtaje kwanza mtu atakayewajibika siku namba itakaposhuka. Bila mtu huyo, ukuta utakuwa umepewa ulimi, na nyumba nzima haina mwenye sikio.