Ada ya Mlangoni na Adabu ya Baraza

Swali limetufikia, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Vijana wenye kikundi cha mazungumzo katika simu zao wameona baraza lao likiharibika kwa matusi, uvumi na matangazo ya biashara, wakakusudia kumtoza ada ndogo kila aingiaye, ili asiye na haja ya mazungumzo asiingie. Mzee mmoja akawakataza, akisema kuwa maneno hayauzwi, na kwamba baraza la mji huu halijapata kuwa na mlango, sembuse mlango wa kulipiwa. Kila upande wataka kujua nani mwenye haki. Sisi twaona kuwa kila mmoja ameshika sehemu ya haki, na iko sehemu ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja.

Na tuanze na hoja ya mzee. Ni kweli kwamba baraza la mawe mbele ya nyumba halina kiingilio. Mpita njia hutoa salamu, akasogezewa mahali, akaketi. Lakini tusidhani kuwa kitu kisicholipiwa hakina gharama, wala kuwa pasipo na bawabu hapana mlinzi. Baraza lile lina mwenyewe aliyelijenga na anayelifagia, na kahawa inywewayo pale iko mikono iliyoinunua. Lina wazee, ambao mmoja wao akikohoa tu, kijana aliyepandisha sauti huishusha. Tena lina haya: amtukanaye mwenzake leo jioni atakutana naye kesho alfajiri msikitini, na mchana sokoni, na huenda siku moja akaja kumposea mwanawe kwa mtu yule yule. Haya hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya baraza. Kila mtu aliilipa, na kwa kuwa hakuilipa kwa fedha, alidhani hakulipa kitu.

Baraza la mtandao halina mwenye nyumba anayeonekana, wala mzee wa kukohoa, wala uso wa mtu wa kuonewa haya. Na matokeo yake yalijulikana zamani. Mwaka 1980 huko North Carolina, Marekani, wanafunzi wa vyuo vikuu viwili walianzisha Usenet, mkusanyiko wa mabaraza ya maandishi yaliyopitishwa kutoka kompyuta moja hadi nyengine. Kila mwezi wa Septemba, vyuo vilipofunguliwa, waliingia wanafunzi wapya wasiojua desturi za mahali pale. Wenyeji waliwafundisha, na baada ya muda mambo yakatulia. Lakini katika miaka ya 1993 na 1994 kampuni za kuuza huduma ya mtandao, AOL ikiwa miongoni mwao, ziliwafungulia wateja wao mlango huo. Wageni wakawa wanaingia kila siku ya mwaka, na watu wa huko wakaiita hali hiyo Septemba isiyokwisha. Yafaa tuiangalie vyema sababu. Wale wageni hawakuwa waovu kuliko waliowatangulia. Walikuwa wengi mno kwa wenyeji wachache waliobaki kuwafundisha.

Hapa pana jambo ambalo mzee wetu hakulitazama. Baraza la mawe, pamoja na uzuri wake wote, halikuwa la watu wote. Wanawake hawakuketi pale. Kijana aliketi asiseme. Mgeni alisikilizwa akiwa na mtu wa kumjulisha. Baraza la simu limewapa hawa nafasi ya kuuliza na kujibu, nao ndio wa kwanza kuondoka matusi yanapoingia. Asiyejali hubaki. Mama aliyekuja kuuliza juu ya mirathi ya wanawe mayatima, akajibiwa kwa dhihaka, huondoka kimya, wala hakuna ajuaye kuwa amekwenda. Kwa hivyo mwenye kuliacha baraza bila ya msimamizi, akasema kuwa huo ndio uhuru, amelikabidhi kwa wenye ndimi kali, na amewanyima wengine uhuru ule ule anaoutaja.

Basi na tuje kwenye hoja ya vijana, tutazame ada inaweza nini. Katika mwaka 1985 Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha huko California baraza liitwalo The WELL. Wanachama walilipa kila mwezi, na juu ya hayo walilipia saa walizotumia. Kila chumba cha mazungumzo kilikuwa na mwenyeji wake wa kukisimamia, na mwanachama hakuweza kulificha jina lake la hakika. Mwaka 2012, wenye mali walipotaka kuliuza, wanachama wenyewe walichangishana fedha wakalinunua. Baraza jengine, MetaFilter, lililoanzishwa na Matthew Haughey mwaka 1999, lilielemewa na wageni hata likaacha kuandikisha watu wapya; na mwaka 2004 likaufungua mlango wake kwa ada ya dola 5, itolewayo mara moja tu.

Ada hizo zilifanya kazi mbili. Kwanza, zilimsimamisha mtu kizingitini. Mwenye kuja kwa hasira ya saa moja hulegea akiambiwa atie mkono mfukoni, na mwenye kujiandikisha kwa majina elfu ya uongo ili auze bidhaa zake hawezi kulipa mara elfu. Mwaka 2023 mtandao wa X ulijaribu njia hiyo huko New Zealand na Ufilipino, ukimtaka mtumiaji mpya atoe dola 1 kwa mwaka kabla ya kuruhusiwa kuandika. Pili, zilimlisha mlinzi. Kusoma maneno ya watu usiku na mchana, kufuta matusi na kusuluhisha ugomvi ni kazi, na mwenye kuifanya ana watoto. MetaFilter iliwahi kuwategemeza wasimamizi wake kwa mapato ya matangazo. Mapato hayo yalipoporomoka, mwaka 2014 baadhi yao waliachishwa kazi, na michango ya wanachama ikasaidia kulishikilia baraza lisianguke.

Lakini ada haifundishi adabu. Liko baraza la Marekani liitwalo Something Awful, ambalo nalo lilianza mwaka 1999, na baadaye likawatoza watu dola 10. Ada yake ni maradufu ya ile ya MetaFilter, na lau fedha ndiyo iletayo upole, hapo ndipo tungelitazamia upole maradufu. Baraza hilo lilijulikana kwa kejeli na mizaha mikali. Tena mwanachama aliyefukuzwa kwa makosa yake aliweza kurudi kwa kulipa dola 10 nyengine. Hapo kosa limegeuzwa bidhaa yenye bei. Mkosaji haoni kuwa ameadhibiwa. Huona kuwa amenunua. Na mwenye baraza, akipata fedha kila anapomfukuza mtu, ataaminiwaje kuwa amemfukuza kwa haki?

Na iko athari nyengine ya ada, nayo huingia polepole. Mtu akilipa hujiona mteja. Akiambiwa anyamaze hujibu kuwa amelipa, kama vile aliyenunua tikiti ya basi. Lakini mwanachama wa baraza si abiria. Yeye mwenyewe ni sehemu ya kile anachokilipia, kwani wenzake huja kwa ajili ya maneno yake kama yeye ajavyo kwa ajili ya maneno yao. Katika lugha yetu neno ada lina maana mbili: ni fedha itolewayo, na ni desturi ifuatwayo. Wazee wetu walipotoa ada za arusi, fedha ilikuwa dalili ya kuwa mtu ameikubali desturi. Aliyetoa fedha akaikataa desturi hakuhesabiwa kuwa ametimiza.

Kisha kuna suala la fakiri. Shilingi 200 kwa mwenye duka si kitu. Kwa hamali ni chakula cha jioni cha wanawe. Mlango mmoja wa bei moja si sawa kwa watu wote wawili. Katika Qur'ani, Sura ya 58, al-Mujadila, mna jambo lipasalo kuzingatiwa na kila mwenye kutaka kuweka fedha mbele ya mazungumzo. Katika aya ya 12 Waumini waliamrishwa watangulize sadaka kabla ya kusema na Mtume (S.A.W.) kwa faragha. Wafasiri wameeleza kuwa watu walikuwa wamezidisha maswali hata yakamwelemea. Tazama yaliyofungamana na amri hiyo: mali ile ilikuwa sadaka, haikuwa ya mfuko wa aulizwaye, na aya hiyo hiyo imemsamehe asiye na kitu. Kisha katika aya ya 13 watu wakapewa nafuu, na sharti likaondolewa. Na aya iliyotangulia, ya 11, yawaamrisha watu wapeane nafasi katika majlisi. Hatusemi kuwa kikundi cha simu kina daraja ya majlisi ile, hasha. Twajifunza tu kuwa kupunguza msongamano kwa njia ya mali kuna asili yake, kwa kiasi, bila ya kumfungia maskini, na bila ya mwenye mlango kujitajirisha.

Vijana wetu pia wajue kuwa malipo huacha jina la mlipaji. Atumaye ada kwa simu ameacha jina lake na nambari yake katika daftari la mtu. Huko Tanzania, JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilijulikana kwa kuwaruhusu watu waandike juu ya rushwa bila ya kutaja majina yao. Mwezi wa Disemba 2016 mmoja wa waasisi wake, Maxence Melo, alikamatwa akashitakiwa, na katika mambo yaliyomfikisha huko ni kukataa kuwapa polisi habari za wanachama. Mwaka 2018 kanuni mpya za serikali ziliwataka wenye mabaraza ya mtandao wawe na leseni, ambayo gharama zake zilitajwa kufika kiasi cha dola 900, na mwezi wa Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda. Kwa kisa hiki twaona mambo mawili. Daftari la ada ni amana, na anayelishika awe mtu wa kuaminiwa. Na ada ikiwa kubwa kupita uwezo wa wanaotozwa, huacha kuwa kizingiti ikawa ukuta, awe aliyeiweka ni serikali au ni kijana mwenye simu.

Sasa twaitaja ile sehemu ya tatu, nayo ni msimamizi. Vijana walitaka fedha ifanye kazi ya mtu, na mzee alidhani kazi hiyo haipo, kwa kuwa alikuwa akiifanya yeye mwenyewe kila jioni bila ya kujua. Baraza lolote lahitaji mtu wa kukohoa. Ama mtu huyo, yampasa awe na sharti zake. Kanuni zake zijulikane kabla ya kosa, zisitungwe baada yake. Aonye kwa siri kwanza, kwani aonywaye hadharani hutafuta ushindi, na aonywaye faraghani aweza kurejea bila ya kuvunjikiwa uso. Asihukumu katika ugomvi alio na sehemu ndani yake, amwachie mwenzake. Asifute neno kwa kuwa limemchoma yeye, ikiwa halikumtukana mtu. Naye awe na mahali pa kuulizwa. MetaFilter ilitenga tangu mwaka 2000 ukumbi wake wa pekee, MetaTalk, ambamo wanachama hujadili uendeshaji wa baraza lenyewe na kuwahoji wasimamizi juu ya maamuzi yao. Msimamizi asiyeweza kuulizwa ni jeuri kama yule mtukanaji aliyemtoa, na tofauti yao ni kuwa yeye ana ufunguo.

Kwa hivyo jawabu letu kwa pande zote mbili ni hili. Ada inafaa, ikiwa ni ndogo, ikitumika kwa gharama za baraza na ujira wa mlinzi, na hesabu yake ikisomwa mbele ya wote. Asiye nacho aingie kwa kuulizia tu, pasi na kuombwa ushahidi wa ufakiri wake, wala jina lake lisitangazwe. Aliyefukuzwa arudi kwa kuomba radhi kwa aliyemkosea, asirudi kwa fedha. Wageni waingie kwa idadi ambayo wenyeji waweza kuifundisha, hata ikiwa ni kumi kwa mwezi. Na kabla ya kutafuta mtunza fedha, vijana watafute watu watatu wenye subira, wazee kwa vijana, na awemo mwanamke mmoja, wakubali kulisimamia baraza kwa zamu. Wakiwakosa watu hao, ada haitawafaa kitu, na bora walivunje kundi wakae majumbani mwao.

Nasi twamwomba yule mzee asiishie kukataza. Ajiunge na kikundi hicho, akae na vijana wale, awakoholee kwa maandishi kama alivyozoea kuwakoholea barazani. Mwenye rai nyengine na atuandikie, tutaipokea.