Mjumbe hauawi

Mpaka wa Kongo na Burundi ukiwa wazi, kaa asubuhi moja pale barieri ya Kavimvira. Utamwona mama mwenye bidoni ya mawese kichwani akibishana na afisa wa forodha, wala hatetemeki. Anajua alikonunua, anajua kwa bei gani, anajua ushuru unaomhusu na ule wa kubambikiwa. Mwanawe mwenye Diploma ya Serikali na miaka kadhaa ya chuo ameitwa kwenye usaili wa kazi hapa Uvira, na usiku kucha usingizi haumjii.

Wazee wangesema kijana huyu amesoma, ila hajatumwa. Zamani ujasiri ulifundishwa kwa kutumwa. Kijana alikaa nyuma ya wakubwa barazani, kule Fizi Wabembe wanakoita lubunga, akisikiliza tu. Siku ikifika, alipewa neno alipeleke kwa ukoo mwingine. Alilirudia kwa sauti mbele ya waliomtuma, mpaka waridhike. Huko aendako alisalimu, akangoja apewe nafasi, ndipo akasema. Akiulizwa asilotumwa, alijibu: "Hilo sikuambiwa, nitakwenda kuuliza." Moyo ulimdunda, bila shaka, lakini alijua kwamba mjumbe hauawi.

Vijana wetu wengi huingia kwenye usaili kama washtakiwa. Wakiambiwa wajieleze, wanakariri tarehe za vyeti ambazo waajiri wanazo mezani tayari. Kumbe Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira na kubomoa nyumba, wapo waliobeba watoto wa jirani, wakaandika majina ya waliokosa makazi, wakazoa matope siku nzima. Shirika linalotafuta mtu wa kazi za dharura lingetaka ushuhuda gani kuliko huo? Ndio ujumbe wenyewe, na mwenye kutumwa ni wewe.

Kuna hofu ya Kifaransa pia, na nadhani hiyo ndiyo nusu ya kutetemeka kote. Sentensi fupi iliyonyooka inatosha. Swali usipolielewa, omba lirudiwe.

Halafu macho. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na mgeni kutoka Kinshasa anaweza kudhani unaficha jambo. Sioni haja ya kutupa malezi hayo. Salimu kama ulivyofundishwa nyumbani, kisha zamu yako ya kusema ikifika, inua uso.

Tusidanganyane: kazi nyingine zina wenyewe kabla hata tangazo halijabandikwa ukutani. Ukiikosa ya namna hiyo, usijihukumu kuwa mwoga.

Basi wewe uliyeitwa wiki hii, leo jioni mwombe mama akuulize maswali, hata kwa Kiswahili, na umjibu ukiwa umesimama. Akikuuliza "halafu?", usikasirike. Afisa wa forodha naye humuuliza hivyo kila siku.