Anayesoma, Anasoma kwa Ajili ya Nani?

Kwa muda mrefu sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikifuata chuo kikuu mbali. Aliyetaka shahada alipanda basi kwenda Dar es Salaam, na waliotutangulia walikwenda Makerere. Siku hizi chuo kikuu kimetufuata nyumbani. Iringa kuna Mkwawa, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kuna kampasi ya Mzumbe, na kile tulichokizoea kama chuo cha ufundi kimekuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 2012. Wanafunzi wamepanga vyumba katika nyumba zetu. Jioni hupita barazani, huamkia, huketi, na wengi wao hufika kwenye swali lilelile: "Mwalimu, nifanye nini ili nipate moyo wa kusoma?"

Swali hili si la mvivu. Mvivu haulizi. Anayeuliza ni yule anayefungua daftari saa mbili usiku, akausoma ukurasa mmoja mara tatu, na maneno yakampita kama malori yaendayo Tunduma. Anajua kwamba anaweza kufaulu hata bila kuelewa, kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita. Kinachomsumbua ni kwamba haoni sababu ya kuelewa. Kwa hiyo swali lake si la mbinu za kusoma tu. Ni swali la maadili: anayesoma, anasoma kwa ajili ya nani?

Yafaa kwanza tutenganishe maneno mawili. Katika Kiswahili cha ofisini tumezoea kusema motisha, na aghalabu tunamaanisha kitu anachopewa mtu ili afanye kazi: posho, cheo, zawadi ya mwisho wa mwaka. Ari ni kitu kingine. Motisha ikikoma, kazi nayo hukoma. Mwenye ari huendelea hata asipoonwa na mtu. Mwanafunzi wa chuo kikuu hasimamiwi na mtu saa mbili usiku, basi anachohitaji ni ari, ingawa mara nyingi anatafuta motisha.

Jibu la kwanza ambalo wazazi humpa ni ajira. Soma, upate kazi. Jibu hili lilikuwa na nguvu sana zamani. Katika miaka ya 1970 mhitimu wa chuo kikuu hakutafuta kazi, serikali ilimpangia. Katika miaka ya 1990 utaratibu ule ulikwisha kwa wahitimu wengi. Kwa walimu ulidumu zaidi, lakini mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kwa muda ili watumishi hewa wahakikiwe, na tangu hapo nafasi zimekuwa chache kuliko waombaji. Sasa hata mwalimu mwenye shahada huitwa kwenye usaili kabla ya kuajiriwa. Kijana anayaona hayo yote. Kaka yake alihitimu, naye yuko nyumbani. Ukimwambia asome ili apate kazi, atakuheshimu kwa kunyamaza, lakini hatasadiki.

Hata hivyo, nataka niseme jambo ambalo huenda likawashangaza wazee wenzangu. Jibu la ajira lilikuwa dhaifu hata pale lilipokuwa kweli. Aliyejua kwamba kazi inamsubiri alijua pia kwamba itamsubiri akielewa au asielewe, mradi afaulu. Ajira humpa mtu sababu ya kutafuta cheti. Haimpi sababu ya kutafuta elimu.

Jibu la pili ni deni. Hili alilitoa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1964, akizungumzia mpango wa kwanza wa miaka mitano, alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Akila chakula kile asirudi, amewasaliti ndugu zake. Miaka miwili baadaye mfano ule ulijaribiwa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa makato ya mishahara yaliyoambatana nayo. Mwalimu aliwarudisha nyumbani karibu 400, naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Baada ya hapo likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. TANU iliamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi kwa miaka miwili au zaidi, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Mimi niliingia Mlimani kwa njia hiyo, nikitokea shule ya msingi ya Rungwe nilikokuwa nafundisha. Darasani nilikaa na bwana shamba, karani wa mahakama na walimu wenzangu. Nisiwapambe. Wengine walikuwa wamesahau hisabati. Wengine walikuwa na watoto nyumbani na mawazo yao yalikuwa huko. Wapo pia waliopata mapendekezo kwa kumjua katibu wa tawi. Masharti yale yalilegezwa, na mwishowe yakaachwa, na zilikuwapo sababu nzuri za kuyaacha.

Lakini jambo moja nililiona pale, nami sijaliona tena kwa wingi ule. Bwana shamba yule alikuwa akimsimamisha mhadhiri na kumwambia: "Samahani, mkulima mmoja aliniuliza hili, nikashindwa kumjibu." Hakusema kwamba analidai taifa lolote. Alikuwa na mtu machoni pake, mwenye jina na shamba, na swali ambalo halikupata jibu. Nadhani ari yake ilitoka hapo.

Vijana wa leo wana hoja nzuri dhidi ya lile jibu la deni, na si haki kuwapuuza. Mmoja aliniambia: "Mwalimu, mimi sidaiwi na kijiji. Nadaiwa na Bodi." Ni kweli. Tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ndiyo inayowakopesha, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Dawa ya deni ni kulipa, naye atalipa. Akishalipa, nani atamnyooshea kidole? Zaidi ya hayo, wengi waliingia ualimu kwa sababu kwa miaka kadhaa masomo ya ualimu, hasa sayansi na hisabati, yalipewa kipaumbele katika mikopo. Hawakuuchagua ualimu, walichagua mlango uliokuwa wazi. Siwalaumu. Mtoto wa mkulima wa viazi wa Uporoto hana milango mingi.

Lakini mkopo unalipa gharama za kusoma tu. Hauwezi kumlipa mwanafunzi atakayefundishwa vibaya.

Katika miaka yangu ya vyuo vya ualimu nilimfahamu mwanachuo mmoja ambaye wakufunzi walikuwa wamemkatia tamaa. Hakuwa mtukutu. Alikuwa tu amechoka kabla ya kuanza. Tulipompeleka kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya huko milimani, mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Mwanachuo akajibu kwamba ndiyo kanuni. Mtoto akaketi. Jioni ile nilipokaa naye kupitia andalio lake la somo, hakutaka kuzungumzia andalio. Aliniambia: "Mwalimu, yule mtoto ameniamini." Angebishiwa, angejitetea. Kuaminiwa ndiko kulikomwondolea usingizi. Aliporudi chuoni alikuja kuazima vitabu vya hisabati, na hakuacha kuja.

Na tupige hesabu. Mwalimu wa hisabati wa sekondari mwenye mikondo minne ya wanafunzi 50 ana watoto 200 kwa mwaka. Akifundisha miaka 30, na kila mtoto akikaa naye miaka miwili, amewapitia watoto 3,000. Mkwawa ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005 kwa ajili hiyohiyo: shule za sekondari zilikuwa zinaongezeka haraka, na walimu hawakutosha. Watoto wale 3,000 hawajui kwamba wanasomewa usiku huu pale Iringa. Wengine bado hawajazaliwa. Hawawezi kuandamana wala kudai. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, haki yao ni nzito kuliko ya yeyote anayeweza kudai.

Hapa napenda kuwa mwangalifu, maana najua mzigo wanaobebeshwa vijana na jamaa zao. Mama anangoja bati. Wadogo wanangoja ada. Mjomba aliuza ng'ombe. Mtu anaweza kuniambia kwamba mawazo hayo ya watu wanaokungoja ndiyo yanayomvunja kijana, badala ya kumwinua. Nakubali. Lakini tuangalie wanangoja nini. Jamaa wanangoja mshahara, na mshahara waweza kuja bila maarifa. Tumewaona wenye mishahara wasiojua kazi zao. Kwa hiyo kufikiria mshahara wanaoungoja humtia kijana hofu ya kufeli, na hofu humfundisha kukariri. Mtoto wa darasani, mgonjwa wodini, mpitaji wa daraja, wao hawahitaji mshahara wako. Wanahitaji kile unachokijua kweli. Deni la namna hii halilipwi ila kwa kuelewa. Mtu hawezi kulilipa kwa cheti.

Je, asiyepata ajira? Elimu yake imepotea? Nimewaona wahitimu waliorudi vijijini, Mbozi na Mufindi, wakalima na kuuza. Jirani huwaletea mkataba wa mikopo ile tunayoiita kausha damu ili wamsomee kabla hajatia sahihi. Wanaulizwa kipimo cha dawa ya mahindi na maana ya barua ya mahakama. Aliyesoma kwa kuelewa humwokoa mtu nyumba yake. Aliyekariri humwambia, "Tia tu sahihi, ni kawaida." Wote wawili hawana ajira, lakini kijiji hakiwatazami kwa jicho moja.

Wapo watakaosema kwamba mtu asome kwa kuipenda elimu yenyewe. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nimeionja raha hiyo. Ila upendo huo huja baada ya kuzoeana. Mwaka wa kwanza, katika baridi ya Juni, somo bado ni mgeni mkavu, na kijana hawezi kungoja alipende ndipo aanze. Aanze kwa sababu yuko mtu atakayemuuliza. Raha itamkuta njiani.

Nayo mambo mengine si ya ari kabisa. Mwanafunzi ambaye fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, haijafika, naye amelala bila kula, asihubiriwe; apewe chakula. Aliyefiwa apewe muda. Aliyekata tamaa hata asione thamani ya kuishi aende kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, na wenzake wamsindikize. Ni kosa kumwita mgonjwa mvivu.

Lakini kwa yule mwenye afya na mlo, ambaye daftari liko wazi na moyo umefungwa, ushauri wangu ni mfupi. Usijiulize kama unajisikia kusoma. Chukua ukurasa mmoja, ujiulize: nani ataniuliza jambo hili siku moja, nami nitamjibu nini? Kisha jaribu kumweleza mwenzako wa chumbani bila kutazama daftari. Pale utakapokwama, pale ndipo pa kusoma usiku huo. Kesho fanya ukurasa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Ule mfano wa msafiri na kijiji chenye njaa bado naupenda, ila ningependa kuongeza jambo moja. Deni la chakula alichokula msafiri limekuwa la kifedha, na Bodi itamkata taratibu kwenye mshahara. Hata hivyo njaa ya kijiji haikwishi kwa yeye kulipa gharama ya chakula kile. Inakwisha kwa yeye kufika na mzigo. Kijana anayesoma usiku huu pale Iringa au Mbeya anaufunga mzigo huo, na watakaoufungua hawataweza kujua alichokiacha nje. Watamwamini tu.