Kiwiko Nacho Kina Haki

Muhula uliopita, nikiwa katika sijda ya Alfajiri, kiwiko cha kulia kilinichoma, kidole kidogo na cha pete vikafa ganzi. Sikuwa nimebeba mzigo wowote. Nilikuwa nimelala saa nane usiku, simu mkononi, mkono umekunjwa tangu Isha.

Mshipa wa fahamu uendao kwenye vidole hivyo hupita nyuma ya kiwiko, karibu na ngozi. Mkono ukikunjwa muda mrefu, mshipa huvutika na kubanwa. Ukiegemea kiwiko mezani, unauongezea. Basi nyoosha mkono mara kwa mara, badilisha mikono, na maongezi marefu yafanye kwa hedifoni. Ganzi isipoondoka, nenda zahanati; usingoje vidole vilegee.

Abdullah bin Amr alikesha kwa ibada, na bado Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Mimi nilikesha kwa video za mpira! Sasa baada ya Isha simu inabaki mezani. Jumanne nilishindwa, na Alfajiri ganzi ikarudi. Tuombeane.