Kujua si Kuthibitisha

Katika gemu ya Phoenix Wright: Ace Attorney kuna wakati mchezaji anamjua muuaji, anajua alivyoua, na bado anashindwa kesi. Hajakosea chochote kuhusu ukweli. Kosa lake ni kutoa kielelezo sahihi kwenye sentensi ya tatu ya shahidi badala ya ile ya nne. Jaji anatikisa kichwa, alama moja inakatwa, na mteja asiye na hatia anasogea hatua moja karibu na hukumu. Wapenzi wa gemu hii wanalilalamikia sana jambo hili, nami ni mmoja wao. Lakini nadhani ndani ya malalamiko yetu mna swali kubwa kuliko gemu yenyewe. Kuna umbali gani kati ya kuujua ukweli na kuuthibitisha? Na umbali huo aulipie nani?

Kwa ambaye hajaicheza, maelezo ni mafupi. Gemu ilibuniwa na Shu Takumi wa kampuni ya Capcom, ikatoka Japani mwaka 2001 kwa ajili ya Game Boy Advance, na toleo la Kiingereza likafuata mwaka 2005 kwenye Nintendo DS. Wewe ni Phoenix, wakili kijana wa utetezi. Kwanza unapeleleza na kukusanya vielelezo, kisha unaingia mahakamani. Shahidi anatoa maelezo yake, nawe unayapitia sentensi moja baada ya nyingine. Silaha zako ni mbili tu: kumbana shahidi afafanue alichosema, au kutoa kielelezo kinachopingana nacho. Ukipatia, Phoenix ananyoosha kidole, anapaza sauti kuweka pingamizi, muziki unabadilika, na shahidi anaanza kutokwa jasho.

Uzuri wa gemu ni kwamba inakufundisha kusikiliza. Kesi ya kwanza inatosha kuwa mfano. Shahidi anasema aliukuta mwili wa marehemu saa saba mchana. Ripoti ya uchunguzi wa maiti inasema marehemu alifariki baada ya saa kumi jioni. Akibanwa, anasema saa aliisikia kwenye televisheni, kumbe wakati huo umeme ulikuwa umekatika. Anajitetea tena: basi aliiona kwenye saa ya mezani. Lakini saa hiyo ina umbo la sanamu, hakuna anayeweza kuitambua kwa macho tu kuwa ni saa, na ndiyo iliyotumika kuua. Inabaki hoja moja: kwa nini saa hiyo haisemi wakati wa kweli? Jibu limo kwenye pasipoti. Marehemu alikuwa ametoka Paris. Saa haikuwa imechelewa saa tatu, ilikuwa imetangulia saa tisa.

Hakuna nguvu iliyotumika hapo. Hakuna aliyepigwa wala kutishwa ili akiri. Kila uongo ulihitaji uongo mwingine wa kuushikilia, na mwisho shahidi akakosa pa kusimama. Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi. Gemu inakuonyesha ni nani anayeifupisha: mtu aliyekaa kimya, akasoma kila karatasi, akakataa kuichukua sentensi jinsi ilivyokuja.

Sasa nije kwenye kero, na kero ya kwanza ni ile niliyoanza nayo. Ipo hoja ya kuitetea gemu. Mtu anaweza kusema hivyo ndivyo mahakama zilivyo. Wakili hashindi kwa kujua, anashinda kwa kuthibitisha, na uthibitisho una mahali pake na wakati wake. Nimeifikiria hoja hiyo na sikubaliani nayo. Katika mahakama ya kweli, wakili anayetoa kielelezo huulizwa, "Unataka kuonyesha nini?" Naye hueleza. Hoja yake ikiwa na mashiko hupimwa, hata kama kuna njia nyingine ya kufika palepale. Katika gemu huna nafasi ya kueleza. Unaonyesha karatasi, na karatasi hiyo ama ndiyo mwandishi aliyoiwazia ama siyo. Vielelezo viwili vinaweza kuthibitisha jambo lilelile, kimoja kikapokelewa na kingine kikakuletea adhabu.

Kwa hiyo tatizo si ugumu. Gemu imesahau kwamba kielelezo hakisemi chenyewe. Kisu ni kisu tu mpaka mtu aseme kinahusianaje na jeraha. Uthibitisho ni kitu pamoja na sababu, na gemu imechukua kitu ikaacha sababu. Matokeo yake ni kwamba wakati mwingine mchezaji anaacha kufikiri nini ni kweli na kuanza kukisia mwandishi alitaka nini. Tabia hiyo tunaijua vizuri sisi tuliosoma kwa kufuata mitihani. Mwanafunzi anajua jibu, lakini anaandika lile analodhani msahihishaji analo kwenye karatasi yake.

Kero ya pili inanisumbua zaidi, ingawa wachezaji wengi hawaioni kama kero. Katika gemu hii kuonyesha kwamba ushahidi dhidi ya mteja wako ni dhaifu hakutoshi. Karibu kila mara ni lazima umpate muuaji halisi na umvunje akiwa kizimbani. Mteja anakuwa huru pale mtu mwingine anapochukua nafasi yake. Kama hadithi, inapendeza. Kama sheria, imepinduliwa miguu juu. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwendesha mashtaka, na kazi ya utetezi ni kuonyesha kwamba shaka bado ipo. Anayesema "kama si huyu, basi nionyeshe ni nani" ameshamhukumu mtu moyoni, anangoja tu mbadala.

Toleo la Kiingereza limehamishia kesi hizi Marekani, lakini mahakama yenyewe ina sura ya Japani. Jaji ni mmoja, baraza la wananchi halipo, na mwendesha mashtaka anaogopwa kuliko mtu yeyote chumbani. Gemu ilipotoka, wananchi wa kawaida walikuwa hawajaanza kuketi pamoja na majaji nchini Japani. Utaratibu huo ulianza mwaka 2009. Na katika mahakama za huko, zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa kwenye kesi hutiwa hatiani. Ukilijua hilo, msisitizo wa gemu kwamba mshtakiwa hawezi kuponea chupuchupu bila muujiza hauonekani tena kuwa chumvi tupu.

Mfikirie Hakamada Iwao. Alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja katika mkoa wa Shizuoka. Alikiri baada ya wiki kadhaa za kuhojiwa, akakana mahakamani, na mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Ushahidi mkuu ulikuwa nguo zenye damu zilizopatikana ndani ya pipa la miso zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji. Suruali ilipojaribiwa, haikumtosha. Na utetezi ukaja kuuliza: damu iliyokaa ndani ya miso muda wote huo inabakije nyekundu? Mchezaji yeyote wa Ace Attorney angeitambua sentensi hiyo. Ndipo hasa pa kupaza sauti na kuweka pingamizi. Lakini Hakamada aliachiwa mwaka 2014, na hukumu ya kumwona hana hatia ikaja Septemba 2024, akiwa na miaka 88. Mahakama ilisema ushahidi ulitengenezwa.

Hakuna muuaji mwingine aliyevunjika kizimbani siku ile, na hakuhitajika. Kama haki ya Hakamada ingengoja mpaka mtu wa kweli apatikane, ingengoja milele. Hilo ndilo gemu inalolificha kwa raha inayotupa kila mkosaji anapopiga kelele na kukiri. Inatuzoesha kuamini kwamba ukweli wote utajitokeza, tena ndani ya siku tatu, kwa kuwa siku tatu ndio ukomo wa kesi katika dunia yake. Mara nyingi ukweli wote haujitokezi. Kinachobaki mkononi ni shaka, na mahakama ya haki ni ile inayoiheshimu shaka hiyo.

Ajabu ni kwamba gemu yenyewe inalijua jambo hili, na imelificha katika kumbukumbu ya watoto. Phoenix akiwa shule ya msingi alishukiwa kuiba pesa ya chakula ya mwenzake. Darasa zima likamgeukia, mwalimu naye akamtaka aombe radhi. Aliyesimama kumtetea ni Miles Edgeworth, mtoto yuleyule aliyeibiwa. Hakumtaja mwizi, kwa sababu hakumjua. Alisema tu kwamba hakuna ushahidi, na pasipo ushahidi mtu haombi radhi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kesi iliyo safi kuliko zote katika gemu. Haina muziki wa ushindi wala mkosaji anayelia. Ina mtu aliyepoteza kitu chake ambaye bado anakataa kukilipiza kwa yeyote aliye karibu.

Linabaki suala la imani, maana neno hilo ndilo moyo wa gemu hii. Phoenix anafundishwa kumwamini mteja wake mpaka mwisho. Kwa kesi nyingi fundisho hilo ni rahisi, kwa kuwa mwandishi ameshahakikisha mteja hana hatia. Linapata uzito katika kesi ya mwisho ya gemu ya pili, ya mwaka 2002, ambapo mteja, Matt Engarde, kweli alimwajiri muuaji, na muuaji huyo amemteka Maya, rafiki wa Phoenix, ili Engarde aachiwe. Gemu inafika mahali pa kukutaka useme mteja wako ana hatia au hana. Kisha, ukichagua lolote, habari inaendelea vilevile. Wengine wanauona huo kuwa ujanja wa mwandishi kulikwepa swali aliloliuliza mwenyewe, na wana haki. Wakili wa kweli hawezi kulikwepa. Hata mwenye hatia anahitaji mtetezi, kwa sababu dola ikizoea kushinda bila kuthibitisha, itashinda hivyohivyo dhidi ya asiye na hatia.

Hata hivyo, sidhani kwamba imani ya Phoenix ni upuuzi. Tunakosea tukiichukulia kuwa hitimisho, kana kwamba anasema, "Najua hukufanya." Itazame katika kesi ya Edgeworth, ambaye amekua na kuwa mwendesha mashtaka, naye ameshtakiwa kwa mauaji. Edgeworth mwenyewe anaogopa kwamba miaka 15 iliyopita, akiwa mtoto, ndiye aliyemuua baba yake kwa bahati mbaya, na mahakamani anafikia kukiri. Ushahidi upo, na ungamo lipo. Phoenix anauliza swali moja tu: tuseme hakufanya, vitu hivi vingeonekanaje? Ni kwa kuuliza hivyo ndipo anaitafuta risasi ya pili ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitafuta, na risasi hiyo iko kwenye bega la mtu mwingine.

Imani ya namna hiyo haitangulii kutoa jibu. Inampa mtu subira ya kuutazama upya ushahidi ambao wengine wamekwisha kuutazama na kuondoka. Asiyemwamini mshtakiwa hata kwa dakika moja hataona kwamba suruali haimtoshi, au kwamba damu ni nyekundu mno. Macho yake yatapita juu ya vitu hivyo kama vitu vya kawaida. Gemu hii, pamoja na alama zake za adhabu na ubishi wake juu ya sentensi ya tatu na ya nne, inakulazimisha kumkopesha mtu usiyemjua imani hiyo, kesi baada ya kesi. Ningependa iniruhusu pia kueleza sababu zangu, na ikubali kwamba siku nyingine wakili hurudi nyumbani bila kumjua muuaji, na bado haki imetendeka.