Mwanaume na Haya ya Kupimwa



Leo twauliza swali moja: Je, mwanaume mtu mzima afanya vema akikataa kupimwa kwa sababu ya haya?

Chini ya kibofu cha mkojo kila mwanaume anayo tezi ndogo, iitwayo tezi dume. Uzeeni kansa yaweza kuota ndani yake. Hatari yake ni hii: mwanzoni mara nyingi haiumi. Mtu hulima, hula, hulala, wala hajui. Mifupa ikianza kuuma, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Kwa hiyo yafaa mwanaume afikapo miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au ndugu yake aliugua, amwulize daktari. Huyo hupima damu, na pengine huigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo cha damu peke yake hakithibitishi kansa. Huonyesha tu kama yapasa kuchunguza zaidi.

Wazee wengine husema: “Nitavuliwaje nguo mbele ya kijana?” Tujibu hivi: haya ni kitu chema, lakini kazi yake ni kulinda heshima ya mwili, si kuulinda ugonjwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama zetu hushinda haya mbele ya mkunga ili mtoto aishi. Je, baba ashindwe?

Wengine husema: “Afadhali nisijue.” Lakini kutojua hakuondoi ugonjwa, huondoa nafasi ya kuchagua. Rais Mobutu, pamoja na mali yake yote, alipasuliwa kwa kansa hiyo huko Uswisi mwaka 1996, akafa Rabat mwaka 1997. Mwaka huo huo Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alijulishwa kwamba anayo. Hakuficha, aliwaambia watu. Akaishi hata mwaka 2021. Hatusemi kila apimwaye atapona. Twasema kwamba ajuaye aweza kushauriana na daktari na jamaa zake.

Kutoka Walungu au Kabare hadi hospitali za Bukavu ni safari na gharama. Asiye na fedha hana kosa. Bali mwenye fedha ya kasiksi kila Jumapili na ajiulize.

Amri ya Tano yatuagiza kutunza uhai, na wako pia. Basi, ukirudi nyumbani, mwulize baba yako kwa adabu: “Baba, umekwisha kupimwa?”