Kinywa ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Mtu akiambiwa kwamba meno yake yanaoza, aghalabu hujibu: "Meno ni yangu, na maumivu ni yangu, yamhusuni mwingine?" Neno hili lasikika barazani, wala hakuna alikataaye. Lakini lina haja ya kupimwa, kwani ndani yake mna dai kubwa: kwamba mwili wa mtu ni milki yake, naye akiuharibu hamdhulumu yeyote.

Dai hilo halisimami. Aliyekabidhiwa nyumba ya mwenziwe, akaiacha ikavuja hata boriti zikaoza, hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba aliyelowa ni yeye peke yake. Mwili nao ni amana, na Qur'ani katika sura ya Al-Baqara imewakataza watu kujitia katika maangamizo kwa mikono yao. Wala dhara ya kinywa haikomi kwa mwenyewe. Humuudhi aliye ubavuni mwake katika safu, na humuudhi mkewe nyumbani, ambaye huenda akanyamaza kwa haya. Mtume s.a.w. amemkataza aliyekula kitunguu thumu asiukaribie msikiti. Ikiwa harufu ya chakula cha halali, inayoondoka baada ya muda, imewekewa hukumu, basi harufu ya ufizi mgonjwa, inayokaa miaka kwa kupuuzwa, yastahili zaidi kufikiriwa.

Dawa ya kwanza yajulikana na wote. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w., lau si kuuchelea umma wake mashaka, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila Sala. Na katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra, Abdurrahman bin Abi Bakr aliingia na mswaki mkononi. Mtume akautazama, Bibi Aisha akafahamu haja yake, akautwaa, akaulainisha, akampa. Hata katika saa ile ya kuagana na dunia, usafi wa kinywa haukuachwa.

Lakini wako walioshika kijiti wakaacha makusudio yake. Kijiti kimo mfukoni mwa kanzu tangu mwezi uliopita, ncha imechakaa na kuingia vumbi. Mwenyewe hukipitisha kwenye meno ya mbele mara tatu, akakirudisha. Huyo ameshika sura ya Sunna, matunda yake hakuyapata. Ncha yataka itafunwe hata iwe nyuzi laini, na ikichakaa ikatwe. Ipitishwe taratibu kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, nje na ndani, hata magego ya mwisho, kwani huko ndiko chakula kinakojificha. Kusugua kwa nguvu huujeruhi ufizi. Na ufizi ukitoka damu, hiyo si sababu ya kuacha mswaki. Aghalabu damu ni dalili ya uchafu uliogandamana, nao waondolewa kwa usafi. Ikiendelea, aonwe tabibu.

Wala si lazima kiwe kijiti cha araki. Mafakihi wa Kishafi wamesema kwamba Sunna hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kinachoondoa uchafu. Basi mswaki wa dukani nao umo. Shirika la Afya Duniani nalo lilihimiza kijiti, mwaka 1986, kwa watu wenye desturi nacho. Mwenye kuongeza dawa ya meno yenye floridi, inayoyatia meno nguvu yasitoboke, hakuacha Sunna bali ameisaidia.

Katika Ramadhani wengine hushika hukumu ya madhehebu ya Shafi, kwamba mswaki ni makuruhu kwa mwenye kufunga baada ya jua kupinduka, wakaifanya udhuru wa mwezi mzima. Hukumu hiyo haikugusa asubuhi wala usiku. Aliyefuturu kwa tende, kaimati na chai ya sukari, kisha akala daku akalala bila kusafisha kinywa, ameyaachia meno sukari wakati mate ni machache. Na mate ndiyo mlinzi wa meno.

Jino likiuma, watu wa pwani hukimbilia karafuu, nayo yafaa, kwani mafuta yake hutia ganzi. Maji ya vuguvugu yenye chumvi nayo hutuliza ufizi uliovimba. Lakini kuondoa maumivu si kuondoa maradhi. Maumivu ni mjumbe, na aliyemziba mjumbe kinywa hakuujibu ujumbe. Jino lililooza hata mzizini haliponi kwa karafuu, na usaha wake ukishuka shingoni huweza kuziba pumzi na kuua. Uso ukivimba, au homa ikaja, au kumeza kukawa kugumu, kukaa nyumbani si tawakali. Mtume s.a.w. amewaamrisha waja kujitibu, na akabainisha kwamba kila maradhi yameteremshwa pamoja na dawa yake, isipokuwa uzee.

Liko jambo moja zito kulisema, kwani limeshikana na heshima, nalo ni tambuu. Kumkaribisha mgeni kwa uraibu ni adabu ya zamani, na wazee wema waliishika bila kujua dhara yake. Leo dhara imejulikana. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba popoo, hata bila ya tumbaku, husababisha saratani. Wazee wana udhuru wa kutojua. Aliyekwisha kujua hana. Mgeni aweza kuheshimiwa kwa kahawa. Na mwenye kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili asikifiche.

Basi aliyesema "meno ni yangu" na akumbuke kwamba kwa kinywa hicho huisoma Fatiha, huwatolea watu salamu, na huomba maghufira. Kijiti na chumvi si ghali, na kuvitumia hakuchukui muda mwingi. Mwenye kushindwa na hayo hali anaweza, hakuonewa na maradhi. Ameipuuza amana aliyokabidhiwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.